Miaka ya mababu katika Mwanzo 5 na 11: dhana potofu na ukweli

Kila nifundishapo sura za 5 na 11 za kitabu cha Mwanzo, hajakosa kutokea mtu wa kunieleza kwamba tofauti za miaka kati ya Maandishi ya Kimasora (andiko la Kiebrania la Wayahudi), Septuaginta (tafsiri ya kale ya Kigiriki) na Torati ya Wasamaria (vitabu vya Musa kama walivyovitunza Wasamaria) ni makosa ya kunakili tu: mwandishi alichoka, akaruka neno, na waliomfuata wakarithi kosa lake. Maelezo haya yamerudiwa mno hata hakuna anayeyapima tena, ilhali hesabu yenyewe inayakataa.

Aliyechoka hukosea ovyo, bila utaratibu. Sasa mtazame Adamu. Katika Biblia zetu za Kiswahili, ambazo hapa zinafuata Maandishi ya Kimasora, anamzaa Sethi akiwa na miaka 130, kisha anaishi miaka 800. Katika Septuaginta anamzaa akiwa na miaka 230, kisha anaishi 700. Jumla ni 930 kote kuwili. Ndivyo ilivyo pia kwa Sethi, Enoshi, Kenani, Mahalaleli na Henoko: miaka 100 imehamishwa kutoka upande mmoja wa kuzaliwa mtoto hadi upande wa pili, na jumla ya umri ikalindwa. Uchovu gani huo unaobadilisha namba mbili kwa pamoja, mara sita, bila kuivuruga jumla hata mara moja?

Ukihama kwa Wasamaria, mpango unaonekana wazi zaidi. Yaredi, Methusela na Lameki wote watatu wanakufa mwaka wa 1307 tangu uumbaji, ambao ndio mwaka wa gharika kwa hesabu yao. Katika Maandishi ya Kimasora gharika ni mwaka wa 1656, na Methusela anakufa mwaka huohuo. Lakini katika zile nakala za Septuaginta zinazosema kwamba alimzaa Lameki akiwa na miaka 167, Methusela anaishi miaka 14 baada ya gharika ingawa hakuwamo safinani, tatizo ambalo Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alilijadili kwa kina. Nakala zenye 187 zinaliondoa. Swali la kuuliza, basi, ni nani aliyerekebisha na kwa kusudi gani. Nawasihi wanaojifunza wachore jedwali lao wenyewe, kwa kila babu na kwa kila andiko: umri wa kuzaa, miaka iliyobaki, jumla. Chati inayoonyesha umri wa kuzaa peke yake inaficha ushahidi wote.

Wengine huikataa Septuaginta kwa kuwa ni tafsiri. Ni tafsiri, lakini Torati ilitafsiriwa Kigiriki karne ya 3 KK, wakati nakala kamili ya Kimasora tunayoitegemea zaidi, ile ya Leningrad, ni ya mwanzoni mwa karne ya 11 BK. Tena, katika Mwanzo 11 Torati ya Wasamaria, ambayo ni ya Kiebrania, inakubaliana na Septuaginta juu ya umri wa kuzaa kuanzia Arfaksadi (135) hadi Nahori (79), isipokuwa kwamba haina Kenani wa pili, ambaye Septuaginta inamweka baada ya Arfaksadi na ambaye Luka 3:36 anamtaja. Ndiyo maana kutoka gharika hadi kuzaliwa kwa Abrahamu tunapata miaka 292 kwa Wamasora, 942 kwa Wasamaria na 1072 kwa Septuaginta.

Mwaka wa 4004 KK, unaotajwa mara nyingi kuwa mwaka wa uumbaji, haumo katika aya yoyote. Ni hesabu ya James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, iliyotolewa mwaka 1650 na baadaye kuchapishwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza. Kanisa la Ethiopia, ambalo hesabu yake inatokana na Septuaginta, huhesabu takriban miaka 5500 tangu uumbaji hadi Kristo. Na anayetumaini kwamba magombo ya Qumran, yale maandiko ya kale yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, yameshamaliza ubishi ajue kwamba vipande vya Mwanzo vilivyosalia havina orodha kamili ya miaka hii.

Kuna pia wasemao kwamba Stefano alichanganya mambo katika Matendo 7:4, anaposema Abrahamu aliondoka Harani baada ya baba yake kufa. Katika Biblia zetu Tera anamzaa Abrahamu akiwa na miaka 70 na kufa akiwa na 205, kwa hiyo Abrahamu anapoondoka akiwa na miaka 75, baba yake angekuwa amebakiwa na miaka 60. Kabla ya kumhukumu Stefano, soma Mwanzo 11:32 katika Torati ya Wasamaria: Tera alikufa akiwa na miaka 145, yaani Abrahamu akiwa na 75.