Kichaa wa kwenye muvi si mgonjwa wa nyumbani kwako

Ingia banda lolote la video Mtwara mjini, Chikongola au Magomeni, uangalie muvi mbili tatu za kwetu. Kichaa hakosekani. Nywele timutimu, suruali imechanika, anaokota makopo na kucheka peke yake. Chanzo kinajulikana mapema: mke mwenza kaenda kwa mganga, au mdogo wake kamwonea wivu wa cheo. Mwishoni mchawi anaumbuka, maombi yanapigwa, na kichaa anaonekana kavaa suti, kanyoa, anawasha gari.

Sina ugomvi na watunzi, hadithi lazima iishe. Shida ni kwamba wengi wetu hatujawahi kufundishwa popote pengine kuhusu skizofrenia, ugonjwa ambao mara nyingi mitaani tunauita kichaa. Shuleni haipo, na msikitini na kanisani inatajwa kwa jina jingine. Kwa hiyo bandani ndipo tulipopatia darasa, na ndipo nilipookotea mengi ya maneno haya ya mitaani yafuatayo, ambayo bado nayasikia kuanzia Mikindani hadi Nachingwea.

"Huyu karogwa, hospitali watamharibia"

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao milioni 24 wanao, yaani mtu 1 kati ya 300, na wamo Wajapani, Wanorwe na Wabrazili ambao hawajawahi kusikia habari za majini ya pwani yetu. Urithi unachangia: pacha wa kufanana mmoja akiugua, mwenzake yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu yeyote mwingine, ingawa zaidi ya nusu ya pacha hao hawaugui. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi kuuleta. Matatizo wakati wa ujauzito na kujifungua huongeza uwezekano, na bangi pia, hasa kali, inayovutwa tangu ujanani.

Kwa nini basi uchawi unaingia akilini haraka hivyo? Nadhani ni kwa sababu ya umri. Ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, na wanaume huuwahi kuliko wanawake. Sasa tazama maisha ya kijana wa Tandahimba au Ruangwa katika umri huo. Ndiyo kwanza kamaliza shule, kagawiwa mikorosho yake, kauza mnadani, kanunua bodaboda. Umri wa kuugua ni uleule wa kuanza kuwa na kitu cha kuonewa wivu. Vitu viwili vinafika mlango mmoja kwa wakati mmoja, na familia inaviunganisha. Mimi siwacheki. Ila vimekutana tu.

Kisomo, kombe na maombi havigombani na dawa. Mgonjwa anaweza kusomewa jioni na asubuhi akachomwa sindano. Kinachoua ni vingine: kumfunga kamba au mnyororo kwenye nguzo, kumchapa ili jini atoke, kumnyima chakula, au kuambiwa aache dawa "ili ya kienyeji ifanye kazi". Miezi inayopotea kabla ya tiba kuanza haipotei bure, kwani kadiri mtu anavyokaa bila tiba, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu zaidi.

"Ana watu wawili ndani yake"

Hapana. Hiyo ni hali nyingine kabisa, tena adimu, na sinema ndiyo iliyotuchanganyia mafaili tangu enzi za *Psycho* ya Alfred Hitchcock ya 1960. Mwenye skizofrenia ni mtu mmoja. Kinachovurugika ni namna anavyopambanua lililo kweli na lisilokuwepo, na namna mawazo yake yanavyoungana.

"Anaona watu ambao sisi hatuwaoni"

Hapa inafaa kuitazama filamu moja kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mahali filamu zinapotumika kufundisha ugonjwa huu: *A Beautiful Mind* ya 2001, kuhusu John Nash, mtaalamu wa hisabati wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Ndani ya filamu Nash ana rafiki wa bwenini, ana mtoto anayemkimbilia, ana jasusi mwenye kofia. Mtazamaji anakaa nao nusu nzima ya filamu, kisha anashtuka kwamba hawakuwepo. Kama mbinu ya kumwingiza mtu kichwani mwa mgonjwa, sijaona iliyoizidi.

Lakini Nash mwenyewe hakuwa na rafiki wa kuonekana. Alisikia sauti. Hata kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo: sauti ndizo zinazotawala, maono ni machache. Kamera haiwezi kupiga picha ya sauti, ndiyo maana waandishi waliipa sauti miili. Jambo la pili ni dawa. Nash wa kwenye filamu anasema anatumia dawa za kisasa, ilhali Nash halisi alisema hakuzitumia tena baada ya 1970. Tunasikia kwamba waandishi waliogopa wagonjwa wangeacha dawa zao kwa kumwiga. Mwalimu mzuri anaionyesha filamu hiyo na kuyasema yote mawili. Akinyamaza, darasa linatoka na uongo mpya juu ya ule wa zamani.

Na sauti zenyewe hazifanani dunia nzima. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake walizungumza na watu 60 wenye ugonjwa huu, 20 San Mateo huko California, 20 Accra huko Ghana na 20 Chennai huko India. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za matusi na vita, zisizo na jina. Wa Accra wengi walisema wanamsikia Mungu. Wa Chennai, ndugu wanaowahimiza wafanye kazi za nyumbani. Filamu karibu zote tulizonazo zimeichukua sauti ya California, kana kwamba mgonjwa wa Kilwa lazima atukanwe kwa Kiingereza.

"Kapona zile kelele, sasa kabaki mvivu"

Hili ndilo linaloniuma, na hakuna filamu inayolisaidia. Skizofrenia ina upande wa makelele na upande wa ukimya. Upande wa ukimya ni kukosa msukumo wa kufanya jambo, uso kutoonyesha furaha wala hasira, maneno kupungua, kuoga kuwa kazi kubwa. Kijana anawekewa uji kibarazani saa mbili, unaganda, nzi wanatua, saa nne bado anautazama. Hajasusa wala hana dharau kwa mama yake. Mkono hauna amri ya kuinuka. Wapita njia wanasema, "Mkubwa mzima, wenzake wako kwenye palizi."

Nani atatengeneza muvi ya mtu anayetazama uji? Watazamaji watadai kiingilio chao. Ndiyo maana dalili zinazokaa muda mrefu zaidi na kuwachosha ndugu zaidi hazijulikani kabisa mitaani, na sindano za kawaida haziziondoi vizuri kama zinavyoondoa sauti. Kinachosaidia ni shughuli ndogo zenye ratiba, ndugu wasiomgombeza, na subira ya kweli.

"Wote ni hatari"

Wengi wao hawamgusi mtu. Wanapigwa, wanaibiwa na kudhulumiwa kuliko wanavyodhuru wengine. Hatari huongezeka kidogo mtu anapokuwa hana tiba na anatumia pombe au bangi, na hilo lisifichwe. Ila muvi yenye kichaa lazima iwe na panga.

"Ile sindano inamfanya zezeta"

Lina ukweli ndani yake, na wahudumu wanaolikataa katakata ndio wanaopoteza wagonjwa. Haloperidoli na ile sindano ya mwezi, flufenazini, zinaweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono, kuleta mate na usingizi. Nyingine, kama olanzapini, hunenepesha. Lakini dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na kuna vidonge vya kutuliza kutetemeka. Mgonjwa aseme, na asikilizwe.

Kuacha ghafla ndiko kubaya. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa. Huku kwetu adui wa sindano mara nyingi ni msimu wa korosho: familia inahamia shamba, kijana anapitisha tarehe ya Oktoba, anapitisha ya Novemba, na kufika mwezi wa kwanza watu wanasema amerogwa tena.

"Filamu ni burudani, haiwezi kufundisha wala kutibu"

Kufundisha inaweza, na wala si mambo mapya. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema za elimu wenye makao Vugiri, juu ya Korogwe, uliotengeneza filamu za afya na kilimo na kuzizungusha kwa lori. Zilikuwa na dharau za kikoloni tele, lakini shuka jeupe na mashine vilifanya kazi yake.

Tunachojua sasa ni kwamba kinachopunguza unyanyapaa si maelezo ya daktari mwenye koti. Ni kumwona na kumsikia mtu aliyeugua akisimulia mwenyewe, ana kwa ana au hata kwa video. John Cadigan, msanii wa Marekani aliyegundulika kuwa na skizofrenia, aliishika kamera mwenyewe na kuyarekodi maisha yake. *People Say I'm Crazy* ilitoka 2003, na huwezi kuiangalia ukabaki unamwita chizi. Kinyume chake, zile video za kukuigizia sauti masikioni ili uonje ugonjwa zina kasoro: watu hupata huruma zaidi, lakini pia hutaka kukaa mbali zaidi na mgonjwa. Wametishwa.

Kutibu ni suala jingine. Filamu haiponyi skizofrenia. Inaweza kufungua mdomo: kikundi kinatazama dakika kumi, muuguzi anasimamisha picha, anauliza "Huyu hapa angefanya nini?", na mtu aliyenyamaza wiki nzima anajibu, kwa sababu anamzungumzia mhusika, hajisemi yeye. Jaribio la London lilikwenda mbali zaidi. Mgonjwa alitengenezewa kwenye kompyuta uso wa ile sauti inayomsumbua, akajifunza kuijibu. Washiriki walikuwa 150. Baada ya wiki 12 waliotumia uso huo walipata nafuu ya sauti kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Kufika wiki ya 24 tofauti ya makundi hayo ilikuwa imefifia.

"Basi mwekeeni muvi, haimdhuru"

Inategemea yuko katika hali gani. Ugonjwa ukiwa umepanda, mtu anaweza kuamini kwamba televisheni inamsema yeye, au mtangazaji anampa ishara. Ndugu wawili, Joel Gold ambaye ni daktari wa akili na Ian Gold ambaye ni mwanafalsafa, waliandika kuhusu wagonjwa walioamini kwamba maisha yao yote yanarekodiwa na kuonyeshwa, wakaiita hali hiyo kwa jina la filamu ya *The Truman Show* ya 1998. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, zima kwanza.

"Nilimrekodi ili jamii ijifunze"

Mtu kavua nguo sokoni, simu tano zinamzunguka, na kabla ya adhuhuri clip iko kwenye makundi ya WhatsApp hadi Newala. Miezi mitatu baadaye yuko sawa, anatafuta kibarua, na mwajiri anayo clip. Hapo hakuna elimu hata chembe. Wapo wataalamu waliowahi kuwaonyesha wagonjwa video zao za wakati wa kuugua ili wautambue ugonjwa wao, lakini ni chumbani, mgonjwa ameshatulia na ameridhia. Kama huna ridhaa yake, weka simu mfukoni utafute khanga ya kumsitiri.

"Tukishaonyesha filamu kijijini, kazi imekwisha"

Athari ya onyesho moja hufifia. Vikundi vinavyotaka kufanya kazi hii Mtwara na Lindi viangalie kwanza nani amekaa kwenye viti. Akina mama watajaa, sawa, lakini kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua mara nyingi ni mjomba anayeamua mgonjwa apelekwe wapi na nani auze nini ili kulipia nauli. Mjomba asipokuwepo, mwiteni tena. Mwiteni na mganga wa hapo, kwa heshima, kwa sababu mgonjwa anaanzia kwake.

Halafu hakikisheni zahanati inajua siku ya onyesho, dawa ipo, na asubuhi yake kuna mtu wa kuandika rufaa. Mtwara wataelekezwa hospitali ya Ligula, Lindi wataelekezwa ya Sokoine. Wa Masasi Ndanda ni karibu zaidi. Bila hivyo mtakuwa mmewaonyesha ndugu ugonjwa kwa jina lake jipya na kuwaacha nao usiku, mita mia tatu kutoka kwa mganga na kilomita themanini kutoka hospitali.