Utambuzi wa lahaja: kompyuta inapokisia ulikotoka

Mtu aliyekimbia vita bila hati yoyote huulizwa mapema sana: unatoka wapi? Utambuzi wa lahaja ni njia ya kulijibu swali hilo kwa kusikiliza anavyozungumza. Programu ya akili mnemba hupewa sauti yake, huilinganisha na sauti nyingi ilizofunzwa nazo, kisha hutoa asilimia: inafanana kiasi gani na lahaja hii, kiasi gani na ile.

Ujerumani ndiyo inayotajwa sana. Tangu 2017 idara yake ya uhamiaji na wakimbizi, BAMF, huweza kumtaka mwombaji hifadhi aeleze picha kwa lugha yake kupitia simu, na programu ikakadiria, tuseme, Kiarabu chake ni cha wapi. Matokeo huwekwa kwenye jalada lake. Kwa utaratibu ni kidokezo tu cha kumsaidia ofisa. Lakini ofisa mwenye majalada tele mezani hataona wepesi kubishana na asilimia.

Sasa tuchukulie programu hiyo inaletwa Mtwara. Kimakonde kinazungumzwa Newala na Tandahimba, na ukivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji unakikuta Mueda. Kimakua kipo Masasi na kipo Nampula. Kiyao ndiyo usiseme: Tanzania, Msumbiji, Malawi. Mpaka wa mto ni makubaliano ya Wajerumani na Wareno ya 1886, na wenye lugha hawakuitwa kikaoni. Halafu vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza 1964, vikaleta watu wengi upande huu. Wengine waliwekwa katika makazi ya Rutamba, Lindi. Mtoto aliyekulia Rutamba akarudi kwao baada ya uhuru wa 1975 anazungumza kama mtu wa wapi?

Mzee wa Newala anaweza kukwambia “huyu Mmakonde wa ng'ambo” kwa kusikia salamu tu, na asikosee. Ila sikio lake limetambua mtu alikokulia, si uraia wake. Wanaisimu wa nchi mbalimbali waliliweka wazi jambo hilo mwaka 2004 katika mwongozo wao kuhusu uchambuzi wa lugha za waomba hifadhi, wakati kazi hiyo bado ikifanywa na binadamu.

Mashine ina udhaifu wa ziada: haiwezi kutambua lahaja ambayo haikufunzwa. Isipotengenezwa iweze kusema “huyu simjui”, itagawa asilimia zake kwa lahaja inazozijua. Chukua Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mwenyeji wa Mocímboa da Praia, mji ulioshambuliwa Oktoba 2017, akipimwa na programu iliyofunzwa Kiswahili bila Kimwani, atasukumwa kwenye Kiswahili, na ofisa atasoma hapo: Mtanzania. Simu yenye mikwaruzo, au mtu anayechanganya lugha tatu kama ilivyo kawaida mipakani, huongeza kosa.

Ndiyo maana la kwanza kuuliza ni sauti za kufunzia zilirekodiwa kwa nani, na mwombaji anaruhusiwa kuyapinga matokeo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo bila mtu. Lakini ofisa akitazama asilimia na kutia saini chini yake, uamuzi huo unaweza kuhesabiwa kuwa wa binadamu.