Je, wajua kwa nini nchi hulipa fidia ya vita lakini neno "tusameheni" likaikwama kooni?

Mganda akifika msibani husema "kitalo". Akikukanyaga mguu husema "nsonyiwa". Kiswahili nacho kinatenganisha hivyo hivyo: "pole" yaweza kutolewa na mtu asiyehusika kabisa na yaliyokupata, ila anayesema "nisamehe" amekubali kwamba mkosaji ni yeye. Serikali zinaijua vizuri tofauti hiyo, na ndiyo maana hotuba ya rais kuhusu vita vya zamani hupitiwa kwanza na wanasheria, neno kwa neno.

Mfano ulio karibu nasi wa Uganda ni Kongo. Juni 1999 nchi hiyo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama iliamua kwamba Uganda ilitumia nguvu za kijeshi ndani ya Kongo kinyume cha sheria na kuikalia Ituri, eneo la mashariki mwa nchi hiyo, na kwamba askari wake waliua na kutesa raia na kupora mali asili. Pande mbili zikaambiwa zikae zikubaliane fidia, lakini miaka ikapita bila mapatano. Basi 9 Februari 2022 mahakama ikapanga kiasi yenyewe: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara kwa watu, 40 za mali iliyoharibiwa, na 60 za dhahabu, mbao na utajiri mwingine uliochukuliwa. Malipo yaligawanywa katika awamu tano za dola milioni 65, kila 1 Septemba kuanzia 2022 hadi 2026, na awamu ikichelewa inatozwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Pengo hilo lilitokana na ushahidi. Ilidai raia 180,000 waliuawa, ila mahakama ilisema vithibitisho vilivyoletwa vinaonyesha vifo vinavyoihusu Uganda ni kati ya 10,000 na 15,000. Bila cheti, bila jina, bila mahali na tarehe, ni vigumu marehemu kuhesabiwa The Hague. Jambo hili ni chungu, lakini yeyote anayefikiria kudai fidia ya vita inafaa alijue mapema: kazi ya kuandika majina huanza siku ile ile, siyo miaka ishirini baadaye.

Uganda ililipa awamu ya kwanza Septemba 2022. Hata hivyo wizara yetu ya mambo ya nje ilikuwa imekwisha kusema kwamba hukumu hiyo haikuwa ya haki na ilikosea. Pesa zilitoka, lakini kukiri hakukutoka nazo.

Yanawezekanaje haya mawili kwa pamoja? Sheria ya mataifa inaruhusu. Kanuni za wajibu wa mataifa zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001 zinataja njia tatu za kutengeneza kosa. Ya kwanza ni kurejesha kilichochukuliwa, ya pili ni kulipa fidia, na ya tatu ni kumridhisha aliyekosewa. (Kuridhisha na radhi ni mzizi mmoja, kwa hiyo Kiswahili kililielewa jambo hili kabla ya tume.) Kifungu cha 37 kinaeleza kwamba kuridhisha kunaweza kuwa kukiri kosa, kueleza majuto au kuomba radhi rasmi, mradi isiwe kwa namna ya kuidhalilisha nchi iliyokosa. Katika kesi ya Kongo mahakama haikuiamuru Uganda itamke neno lolote.

Kinachoogopwa ni hiki. Kabla ya hukumu, ombi la radhi ni ushahidi mkononi mwa mdai, na ukiomba kwa jambo moja, wa jambo la pili atabisha hodi kesho. Angalia Uingereza. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, aliliambia bunge kwamba serikali inajutia mateso waliyopata Wakenya wakati wa Mau Mau. Walalamikaji 5,228 wakalipwa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Katika tamko lile lile serikali iliendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Mfalme Charles alipofika Nairobi mwaka 2023 alitaja huzuni na majuto, bila kuomba radhi. Sisi wa Uganda tusiwacheke Wakenya: Omukama Kabalega wa Bunyoro alikamatwa 1899 baada ya vita vya miaka mingi na Waingereza, akahamishiwa Seychelles, nchi yake ikaachwa magofu, na Wanyoro nao bado wanadai.

Ujerumani ilikwenda mbele kidogo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea, kusini mwa Tanzania, mbele ya wazao wa waliopigana Maji Maji ya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha. Aliyezungumza alikuwa mkuu wa nchi, naye alizungumza pale pale damu ilipomwagika, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Chifu Songea Mbano aliyenyongwa 1906. Linganisha na makubaliano na Namibia ya Mei 2021. Humo Ujerumani ilikubali kuita mauaji ya Waherero na Wanama mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini ikaziita msaada wa maendeleo, si fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema mazungumzo yalifanywa na serikali mbili na wao wenye wafu wakabaki nje.

Kosa hilo la kumruka mwenye kilio ndilo linaloharibu mambo kuliko yote. Pesa za Uganda huingia serikalini Kinshasa, kisha hutakiwa kushuka kwa waathirika kupitia mfuko maalumu wenye makao Kisangani, mji uliopigwa mabomu Juni 2000 wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo kwa siku sita. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria wa Kongo alihukumiwa kwa ubadhirifu wa kama dola milioni 19 za fidia, zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza mjini humo.

Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana utaratibu ambao kumruka mwenye kilio hakuwezekani. Katika mato oput, koo mbili zilizotenganishwa na mauaji haziruhusiwi kula wala kuoana mpaka muuaji akiri, aseme alichofanya, na ukoo wake ulipe culo kwor, yaani fidia ya aliyeuawa. Ndipo wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti na kunywa pamoja, kutoka kibuyu kimoja, maji machungu ya mzizi wa mti wa oput. Malipo bila kukiri hayafungui njia. Udhaifu wake ni kwamba lazima muuaji na ukoo wake wajulikane, na bomu lililorushwa kutoka ng'ambo ya mto halina ukoo. Makubaliano ya Juba ya Juni 2007 kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA yaliutaja utaratibu huu, lakini kati ya nchi na nchi haujapata mahali.

Wengine husema walioko leo hawakuua mtu, waombe radhi ya nini? Hoja hii ina kasoro. Serikali ya Museveni, aliyepigana dhidi ya Amin, ndiyo iliyoilipa Tanzania deni la vita vya 1978 na 1979 hadi likaisha mwaka 2007. Serikali hurithiwa pamoja na madeni yake, na heshima ni deni pia.

Kutamka si kazi ngumu hivyo. Oktoba 2022, mwezi mmoja baada ya awamu ile ya kwanza, Rais Museveni aliwaomba Wakenya msamaha kwa sababu Jenerali Muhoozi, mwanawe, alikuwa ameandika Twitter kwamba angeiteka Nairobi kwa wiki mbili. Hakuna risasi iliyopigwa, na msamaha uliombwa ndani ya siku chache. Kuhusu Kisangani na Ituri, hukumu za The Hague hazina rufaa na kiasi kimekwisha kupangwa, hivyo anayesubiri wanasheria wamruhusu aombe radhi hana tena cha kusubiri. Neno hilo leo halitaongeza hata dola moja kwenye zile milioni 325.