Seq Scan haijakukosea kitu

Nimetumiwa tena picha ya skrini, swali linachelewa. Mpango wa utekelezaji wa PostgreSQL (hatua ambazo hifadhidata hiyo hufuata kujibu swali), duara jekundu kwenye maneno Seq Scan, yaani kusoma jedwali zima, na chini yake: "Kaka, mchawi huyu hapa. Tuweke indeksi."

Kusoma jedwali zima si dhambi! Ukitaka sehemu kubwa ya jedwali, kulipitia mwanzo hadi mwisho ni nafuu kuliko kurukaruka kati ya indeksi (kama faharasa ya kitabu) na mistari. Mpangaji (huyu si wa kulipa kodi ya nyumba, ni sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia) ana viwango vyake vya gharama vya kuanzia: ukurasa unaosomwa kwa mfululizo ni 1, unaorukiwa ni 4. Ndiyo maana cost si milisekunde, tafadhali.

Turudi kwenye picha. Hatua iliyozungushiwa duara ilikula chini ya sekunde 1. Swali zima lilikula 13. Zilizobaki zilienda wapi? Tazama chini yake, ile Index Scan (kusoma kupitia indeksi) ambayo kila mtu huipita akitabasamu: actual time 0.230, loops=52310. Muda huo ni milisekunde, wastani wa mzunguko MMOJA, na loops ni idadi ya mizunguko. Zidisha: sekunde 12. Mchawi ni indeksi yenyewe, au tuseme aliyeituma.

Aliyeituma ni makadirio. Seq Scan ileile imeandikwa rows=523, halafu kwenye actual, rows=52310. Mpangaji alijiandaa kwa mistari 523 akachagua Nested Loop (kila mstari unatafutiwa wenzake kivyake); hata mimi ningefanya hivyo. Ikaja mara mia. Swali lilichuja mji 'Paris' na nchi 'Ufaransa', naye akayaona masharti hayo kama watu wasiojuana, akazidisha uwezekano wa kila moja. Ufaransa ni asilimia 1 ya jedwali, basi hesabu ya Paris ikagawanywa kwa mia, kana kwamba Paris imetawanyika dunia nzima.

ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu, peke yake haitibu hilo, maana takwimu zake ni za safu mojamoja. Tangu toleo la 10 kuna CREATE STATISTICS yenye dependencies (takwimu za safu zinazotegemeana). Ukishaiunda, endesha ANALYZE, la sivyo umenunua kabati tupu.

Harakaharaka: EXPLAIN ANALYZE, amri inayotoa mpango kama huu, huendesha swali kweli. Ukiipa DELETE, inafuta. Anza na BEGIN, malizia na ROLLBACK, ibatilishe yote.

Na nikiri jambo: kwenye diski za SSD hushusha random_page_cost (ile 4 ya juu) hadi 1.1 kwa mazoea tu, na ni mara chache nimekaa kupima kama ndiyo iliyosaidia.

Safari hii sikuigusa. Takwimu zilipokaa sawa Hash Join (kuunganisha majedwali kwa mkupuo) ilikuja yenyewe, sekunde 13 zikashuka chini ya 2. Nikampigia jamaa wa picha, nikamweleza yote haya. Akasikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

"Sawa kaka. Kwa hiyo indeksi umeiweka kwenye safu gani?"