Hakuna hataza ya dunia nzima

Wengi huamini kwamba mvumbuzi akishapata hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) ya betri ya sola, analindwa kila nchi. Si ajabu, maana matangazo husema tu "ina hataza" bila kutaja wapi.

Hataza hulinda uvumbuzi katika nchi au kanda ilikotolewa, kwa kawaida hadi miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, mradi ada zilipwe. Mkataba wa kimataifa wa 1970 huruhusu ombi moja kwa nchi nyingi, lakini uamuzi hubaki kwa ofisi za nchi au kanda husika. Ndiyo maana kampuni ikitaka leseni ya kuunda betri Mombasa na kuziuza Mwanza, wakili wa mikataba ya teknolojia huchunguza Kenya peke yake, na Tanzania peke yake. Siri za utengenezaji zaweza kulipiwa hata pasipo hataza. Lakini kulipia hataza isiyokuwepo katika nchi hiyo ni hasara inayoumiza sana kampuni changa.

Unaweza kukagua mwenyewe, kwani hifadhidata za hataza zipo bure mtandaoni. Namba ya hati ikianza na WO, hilo ni ombi la kimataifa, bado si hataza. Ikianza na US, ni ya Marekani: ikiishia A1 ni ombi lililochapishwa, B1 au B2 ni hataza iliyotolewa. Kisha tazama kama ada bado zinalipwa.