Tafadhalini, nguo zibaki Lubumbashi

Kila balaa likitupata huku Kivu, mashariki mwa Kongo, simu kutoka Lubumbashi ni ileile: "Tumekusanya nguo, tuzitumie kwa nani?" Na ukisita kidogo unaambiwa huna shukrani, kwani kitu chochote si afadhali kuliko bure?

Hapana, si afadhali. Najua kutoa ni moyo, ila mzigo unasafiri kwa mafuta. Unapanda hadi Kalemie, unasubiri boti ya Tanganyika hadi Uvira, unashika barabara ya Bukavu, kisha boti nyingine juu ya Ziwa Kivu hadi Goma. Kila kituo kina wabebaji wake, karatasi zake na mvua yake. Nguo zilizofungwa ndani ya plastiki zikilowa njiani, zinafika zimeota ukungu, na robota moja la namna hiyo linaharibu mengine ghalani. Kwa ndege? Pigeni hesabu ya nauli ya kilo moja, kisha muulize bei ya mitumba Birere, sokoni hapa Goma.

Halafu kuna kuchambua, jambo ambalo wakusanyaji hawalifikirii kabisa. Lazima mtu atenge za wanaume, za wanawake na za watoto kwa umri, atupe suruali isiyo na zipu, kiatu kisicho na mwenzake, koti la harusi. (Koti la harusi! Kwa mtu anayekimbia volkano!) Na wachambuzi hao ndio walewale tunaowahitaji ziwani, kutibu maji ambayo watu wanachota.

Maana Mei 2021 kazi ilikuwa ziwani. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, lava ikasimama upande wa Buhene, pembeni mwa mji wa Goma, ikiwa imeshaharibu tanki na mabomba. Karibu watu nusu milioni wakakosa maji safi, na kipindupindu hapa si mgeni. Dawa ya maji hayo ni klorini ya unga: gramu 15 za ile ya asilimia 65 hadi 70 katika lita moja, unapata mchanganyiko wa asilimia 1. Kwa maji maangavu, mililita 5 za mchanganyiko huo, zilizopimwa kwa bomba la sindano, katika bidoni (dumu) ya lita 20 ni kianzio. Unasubiri dakika 30, unapima, unatafuta miligramu 0.5 za klorini iliyobaki kwa lita. Ikipungua, ongeza dozi. Sasa ndoo ya kilo 45 ya unga huo, uzito wa robota la nguo, inatoa lita 3,000 za mchanganyiko, yaani bidoni 600,000. Ila msiipandishe kwenye ndege ya abiria, inaweza kuwasha moto. Inunuliwe karibu.

Maziwa ya unga ya watoto: msitume. Maji machafu na chupa isiyochemshwa vinaua mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri. Dawa zilizobaki nyumbani: msitume pia.

"Basi tutume pesa?" Ndiyo, mara nyingi, ila pesa nayo ina mambo yake. Aliyepoteza simu amepoteza na laini. Wakala wa kijijini anaishiwa noti kabla ya saa sita. Na soko dogo likivamiwa na maelfu ya wakimbizi, pesa inapandisha bei ya unga tu. Ulizeni kwanza kama maduka yamefunguliwa na yana bidhaa.

Kuna mahali nasita. Kalehe, Kivu Kusini, tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yalipiga Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa, nyumba zikaenda na kila kilichokuwa ndani. Aliyebaki na kikwembe (kitenge) kimoja chenye tope alihitaji nguo siku hiyohiyo, na za jirani zilimfaa kuliko mpango wetu wowote. Sheria ya "nguo hapana" haina jibu kwa siku tatu za kwanza. Ila katika siku hizo tatu robota la Lubumbashi bado linasubiri boti Kalemie.

Mkitaka kutuma huruma tupu, tumeni. Ujumbe wa pole haulipiwi boti. Mkikaidi mkatuma nguo, basi blanketi na vikwembe tu, vikavu, na juu ya kila mfuko muandike kwa Kiswahili au Kifaransa kilichomo na idadi yake. Usioandikwa tunaufungua mwisho.