Mtaro wa mtaani kwenu haupo kwenye ramani kwa sababu hujauweka

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji, kazi zangu nyingi ni mitaro ya maji ya mvua na barabara za mitaa hapa Dar. Kwa miaka kama sita hivi OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida, nilikuwa naitumia kama bomba la mtaa, nafungua, najaza ndoo, naondoka. Nikipata kazi Tandale au Manzese cha kwanza nashusha data ya eneo, naiingiza kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kufanyia kazi za ramani, alafu naanzia hapo. Nani kachora ile njia ya nyuma ya soko, kaichora lini, sikuwahi kujiuliza hata siku moja.

Kilichonibadilisha ni kalavati moja. Tulikuwa site, ramani inaonyesha mtaro umeishia katikati ya nyumba za watu, yani kama maji yakifika pale yanayeyuka. Nikatembea na mjumbe wa shina, mama mtu mzima, akanisimamisha pembeni ya barabara akaniambia mwanangu hapa chini kuna kalavati, maji yanapita humo yanatokea upande wa pili, ila limejaa taka ndo maana mvua zikija kwangu yanaingia mpaka chumbani. Nikapima, bomba la sentimita 60, nikachukua pointi mbili za mdomo wa kuingilia na wa kutokea, nikaandika kwenye daftari, ripoti ikaenda kwa mteja, kazi ikaisha.

Miezi minane baadaye narudi eneo lilelile kwa kazi nyingine, nashusha ramani, mtaro bado umeishia katikati ya nyumba. Jibu lipo kabatini kwangu, kwenye daftari. Kwa kweli iliniuma sana, maana ile ramani niliyokuwa naifaidi miaka yote kuna watu waliitembelea juani. Tandale ilichorwa 2011 wakazi wenyewe wakishiriki, alafu 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapita mitaani pamoja na wenyeji wakichora nyumba, vichochoro, mitaro, mpaka mipaka ya mashina, lengo kubwa likiwa mafuriko. Na mimi mwenye vifaa na ujuzi nilikuwa sijaweka hata nukta moja.

Basi nikafungua akaunti usiku ule. Kwa asiyejua, OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza 2004 na Steve Coast, na mtu yeyote anaweza kuhariri. Ndani yake kuna vitu vitatu tu: nukta, mistari, na mahusiano yanayoviunganisha, alafu kila kimoja kinabandikwa lebo za kusema hiki ni nini. Kalavati langu lilikuwa hivi: unaendeleza mstari wa mtaro mpaka upande wa pili, unakikata kile kipande kinachopita chini ya barabara, unakiandika waterway=drain, tunnel=culvert, layer=-1, yani ni mtaro, unapita kwenye kalavati, chini ya barabara, basi. Ukimaliza unaandika sentensi moja kueleza umebadilisha nini na umejuaje. Hiyo sentensi usiiruke, mimi naandika "nimepima mwenyewe site", anayekuja baada yangu anajua pa kuanzia.

Siku mbili baadaye mtu nisiyemjua akaniachia komenti kwamba mstari nimeuchora kinyume. Na ni kweli, mstari wa maji unachorwa kufuata maji yanakoelekea, ukiugeuza, mtu anayetengeneza modeli ya mafuriko anaona maji yanapanda mlima. Nikarekebisha kwa dakika moja. Nalisema hili kwa sababu wenzangu wengi wa fani wanaogopa hapo hapo, wanasema ngoja nikamilishe kwanza, wataalamu wataniona, na data inaozea kwenye laptopu. Kila badiliko linabaki kwenye historia, likiharibika linarudishwa lilivyokuwa, kwa hiyo kosa lako halibomoi kazi ya mtu. Na lile kosa langu, kwenye daftari lisingeonekana na mtu maisha yote.

Ila kushea kuna adabu zake na hapa ndo nataka tuelewane vizuri. Kazi uliyolipwa na mteja sio yako yote, omba ruhusa kwa maandishi, mimi mteja alinikubalia niweke mahali kalavati lilipo na kipimo chake lakini ripoti yenyewe hapana, nikaheshimu. Usinakili kitu kutoka Google Maps, hata jina la duka, leseni hairuhusu. Picha za satelaiti za Bing zimeruhusiwa kuchorea tangu 2010 ila zicheki kwanza, saa nyingine zimesogea mita kadhaa, na GPS ya simu nayo hata mahali pa wazi inakosea kama mita 5, kwenye vichochoro vya mabati ndo zaidi. Majina ya wenye nyumba na namba zao za simu usiweke kabisa.

Na huhitaji kuwa mpima. Pakua StreetComplete, programu ya simu za Android, ukiwa unatembea inakuuliza maswali mepesi, hii njia ni lami au vumbi, hapa kuna taa, unajibu inaingia kwenye ramani. Alafu kuna majina. Satelaiti inaona paa, haioni kwamba watu wote wanapaita Kwa Mtogole, haioni kioski cha maji kipi kimefungwa wala kalavati lililo chini ya barabara. Hivyo vitu anavijua anayeishi pale, na kama hajaviandika yeye sioni nani mwingine ataviandika.

Yule mama mjumbe nilimrudia nikamwonyesha kwenye simu, akauangalia ule mstari unavyopita chini ya barabara, akaniuliza na ule mwingine wa nyuma ya msikiti mbona haupo. Tukaenda kuupima siku hiyohiyo. Sa hivi nina madaftari matatu bado hayajaingia, la kwanza lina vioski vya maji kumi na moja na vivuko vya miguu vinne, naanza nalo Jumamosi.